Kadi ya Jirani

Waliokuwepo siku ile ni hawa. Mzee wa Kirundi aliyewahi kuwa mwalimu wa hesabu, ambaye kwenye kijiji chetu alikuwa chifu. Kijana wa Kikenya aliyekuwa mkalimani, na siku nyingine muuza vocha. Dada wa Tanga, mwenzangu wa kushona kule Jeppestown, mcheshi, anayeweza kutoa machozi ya kweli akiambiwa alie. Mama wa Kivu, ambaye nitamwita Mama tu. Wakazi wengine saba, kazi yao kukaa mbele ya milango na kupita na ndoo. Mimi, niliyegawa kadi. Upande wa pili alikuwepo meneja wetu, kapteni mstaafu, na wageni wanne wa mteja waliokalia viti vya plastiki chini ya turubai. Na askari ishirini na wanne pamoja na sajenti wao, ambao mwezi uliofuata walikuwa wanapelekwa mashariki ya Kongo kulinda amani. Walikuwepo pia mbuzi sita wa kukodi. Nawataja kwa sababu walikuwa kwenye mkataba.

Kampuni yetu ilikuwa na vitengo vitatu. Cha kwanza kilitengeneza magari ya deraya, na hicho ndicho kilichokuwa na karakana kubwa, walinzi getini na picha kwenye kalenda. Cha pili kilihudumia kambi: mahema, majiko, maji ya kunywa, kufua sare za askari walio mbali na kwao. Cha tatu kilikuwa chetu, mafunzo, kidogo kuliko vyote. Ofisi zake zilikuwa vyumba viwili Randburg, ghorofa ya pili, juu ya duka la miwani. Wateja wa vitengo vyote vitatu walikuwa serikali. Hatukuwahi kumuuzia kitu mtu wa kawaida. Meneja akisema mteja amepiga simu, ujue ni wizara ya nchi fulani, na akisema mteja hajaridhika, anashusha sauti kana kwamba nchi nzima inasikiliza.

Tulichouza sisi ni kijiji. Kwenye shamba la zamani nje ya Randburg kampuni ilipanga makontena kumi na moja, ikayapaka rangi ya udongo, ikatoboa madirisha na kuweka milango. Katikati kulikuwa na kisima kisicho na maji. Juu ya nguzo kulikuwa na spika iliyotoa sauti za kuku. Mzee alilalamika mwaka mzima kwamba yule jogoo anawika kila baada ya dakika nne, na kwamba kwao jogoo wa namna hiyo angekuwa ameshaliwa. Hakuna aliyebadilisha.

Askari walioagizwa kwenda kulinda amani waliletwa pale wajifunze kuingia kwenye kijiji cha watu wasiowajua. Serikali moja iliagiza zoezi la kizuizi cha barabarani, nyingine zoezi la kugawa chakula, nyingine la kupekua nyumba. Sisi tulikuwa wenye kijiji. Kwenye orodha ya huduma tulikuwa mstari mmoja, chini ya mstari wa hema la huduma ya kwanza: wakazi wanaosema lugha ya eneo, kumi na wawili. Kazi hii kampuni iliiita mazoezi. Sisi tuliiita mchezo. Basi lilituchukua Jeppestown saa kumi na mbili asubuhi, na kabla halijafika robot ya kwanza, yaani taa za barabarani, kijana wa Kikenya alikuwa ameshauliza swali lake la kila siku.

"Chifu, leo tunaibiwa ama tunasaidiwa?"

"Écoute, sikiliza mwanangu," Mzee anajibu bila kufungua macho, "kwa askari hizo ni kazi mbili za siku moja."

Mzee ndiye aliyeniingiza. Alikuwa mpangaji wa jengo letu, na alijua kwamba naongea Kiswahili cha mama yangu. Baba alikuwa mmoja wa wale waliokimbia ubaguzi wa rangi wa nchi hii wakapokelewa Tanzania. Alimuoa mama Morogoro, na nchi ilipofunguka akarudi naye hapa. Baba alitangulia kufa, kisha mama. Nilikuwa na miaka kumi na sita, nipo darasa la kumi, na nyuma yangu kuna mdogo wa kiume wa miaka tisa na wa kike wa miaka minne. Niliacha shule wiki ile ile. Nimefua mashuka ya hoteli, nimeuza dukani Kensington, nimeshona mapazia. Wadogo zangu wananielewa nikisema Kiswahili, lakini wananijibu kwa Kiingereza au Kizulu, na mimi nimezoea mazungumzo ya namna hiyo, kama mtu anayeongea na redio inayomjibu.

Mama alikuja kijijini mwezi mmoja baada yangu. Siku yake ya kwanza alikalishwa mlango wa tatu. Askari akaja na karatasi yake ya maneno, akamuuliza kama ameona watu wenye silaha. Mama akaendelea kuchambua maharage. Askari akauliza tena kwa sauti kubwa. Mama akachambua. Meneja akasimamisha zoezi, akanituma nikamuulize kama anaumwa.

"Siumwe," Mama aliniambia. "Hajaniamkia. Mutu hajakuamkia, utamujibu namna gani?"

Kiswahili chake ni cha Kivu, nami nimekiacha kama kilivyo. Nilipomweleza meneja, aliandika. Kuanzia siku hiyo kwenye fomu ya kupima askari kulikuwa na alama kumi za kuamkia kabla ya kuuliza. Wateja walipenda sana alama zile. Wiki iliyofuata meneja akanipa daftari gumu lenye nembo ya kampuni, akasema niwe naandika vitu vya namna hiyo nikivisikia kwa wenzangu: nani hukaa wapi mgeni akija, maji ya mgeni huwekwa wapi, mwanamke akiulizwa habari mumewe akiwepo nani hujibu. Vitu hivyo aliviita hali halisi. Nikaandika. Sikuona ubaya, kwa sababu vilikuwa vitu ambavyo kila mtu mzima anavijua, ila askari.

Urafiki wangu na Mama ulikua kwenye kutwanga. Nyumbani kwake, mlango wa pili kutoka ngazi, kulikuwa na kinu cha mti alichokipata kwa fundi mmoja wa Jeppestown, na Jumamosi mchana tulitwanga sombe, majani ya muhogo, kwa zamu. Jumamosi moja, binti yake akiwa chumba cha pili na televisheni, Mama alianza kunisimulia bila kuulizwa. Alisimulia akiwa anachuma majani kutoka kwenye vikonyo, na hakuinua uso.

Walikuja asubuhi, wanaume watano, wana silaha, wana njaa. Aliwapikia. Walikula mlangoni. Nyuma ya nyumba dada yake alikuwa anawatorosha watoto watatu wa Mama, akiwateremsha kupitia migomba, mmoja mmoja. Watoto wawili wakiwa wameshashuka, mwanamume mmoja alisimama akanawa, akaanza kuzunguka kwenda nyuma. Mama alikuwa ameshika mwiko. Kwa mkono ule ule wenye mwiko akanyoosha kwa jirani, akasema, kule kuna mbuzi wanane. Wote watano wakainuka wakaenda. Mtoto wa tatu akapita. Mbuzi wale walikuwa wamekusanywa kwa mahari ya kijana wa jirani. Jirani mwenyewe Mama hakumwona tena mpaka leo, na hajui kama yule jirani alipata kujua ni mkono wa nani.

"Hii ni ya mu jiko," aliniambia alipomaliza. "Isitoke."

"Haitatoka, Mama," nilisema.

Niliimaanisha. Sikuiandika kwenye daftari. Ilikaa kwangu miezi mitano.

Kisha akaja mteja mpya, serikali ambayo haikuwahi kupeleka askari Kongo. Meneja akaniita Randburg, akanitilia chai mwenyewe, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Akaniambia mteja akiridhika atasaini miaka mitatu, na kukiwa na miaka mitatu kitengo kitaajiri mratibu wa wakazi wa kudumu, mwenye bima ya matibabu, na kwamba yeye yuko tayari kuniandika mimi hata kama sina cheti cha kumaliza shule.

"Lakini hawa wameshatembelea washindani wetu," alisema. "Kizuizi cha barabarani wamekiona. Nahitaji kitu cha kweli. Kitu ambacho sajenti hatakipata kwenye kitabu."

Mdogo wangu wa kike alikuwa mwaka wa pili chuo cha uuguzi. Nalisema si kwa kujitetea. Nalisema kwa sababu ndilo nililolifikiria, pale pale, nikiangalia duka la mkabala. Nikamwambia kuna mwanamke aliwapikia wezi wenye silaha, halafu akawaonyesha mbuzi wa jirani. Akauliza mbuzi wangapi. Nikasema tisa. Nilikosea hata hesabu. Akauliza aliwaonyeshaje. Nikamwambia habari ya mwiko.

Watoto sikuwataja. Nilijiambia kwamba nikiwaacha watoto nje, ile si hadithi ya Mama tena. Ni ya mwanamke yeyote. Niliondoka Randburg nimejishawishi kwamba nimemhifadhi.

Zoezi liliandikwa kwa wiki mbili. Kanuni yake ilikuwa hivi: askari wanafika saa mbili baada ya wizi. Wanatakiwa kujua kilichotokea bila kuwagombanisha majirani. Kamanda hodari atawatenga wanawake wawili, mpishi na jirani aliyeibiwa, na kumsikiliza kila mmoja peke yake. Kamanda dhaifu atawasimamisha pamoja, na kijiji kitawaka.

Asubuhi ya siku yenyewe meneja alinikabidhi kadi. Kila mkazi ana kadi yake, imeandikwa Kiingereza, na kazi yangu ni kumsomea kwa Kiswahili mtu mmoja mmoja pembeni, ili asijue za wenzake. Meneja alikuwa ameandika kwa kalamu juu ya kadi ya mpishi: Mama. Alimwona ndiye mwigizaji wake bora. Nilisimama nyuma ya kontena la saba nikiwa na kadi mbili mkononi, ya mpishi na ya jirani, na nikafanya kitu ambacho niliona ni akili. Nilibadilisha. Kadi ya mpishi nikampa dada wa Tanga. Kadi ya jirani nikampa Mama.

Ilikuwa imeandikwa: Umepoteza mbuzi tisa. Unajua nani aliwaonyesha. Mtuhumu mbele ya askari.

"Wewe ni jirani," nilimsomea. "Umeibiwa mbuzi."

Mama alisubiri. Kadi ilikuwa na mistari mitatu na yeye aliiona.

"Njo vile tu?"

"Vile tu. Mengine utajibu unavyoona."

"Mbuzi ngapi?"

"Tisa."

Aliniangalia kidogo, si sana, akaenda kukaa mlango wake. Ningeweza kumfuata. Kulikuwa na robo saa nzima. Sajenti alikuwa bado anawapanga watu wake kwenye magari, meneja alikuwa anawaeleza wageni habari ya kisima. Nilitembea hadi kwenye kona ya mlango wa Mama mara mbili. Mara ya kwanza nilimwambia afunge kilemba vizuri. Mara ya pili nilimpelekea maji.

Nyuma ya kontena mbuzi wa kukodi walikuwa wamefungwa wasionekane, na walikuwa wanapiga kelele.

"Mwizi gani huyu," kijana wa Kikenya alisema, "ameiba mbuzi akawaacha hapo nyuma."

"Ni mwizi wa mkataba," Mzee akamjibu. "Jioni anawarudisha."

Magari yakaingia. Sajenti alikuwa kijana mrefu, mpole, aliyefundishwa vizuri. Alivua miwani ya jua. Alimwamkia chifu, akaamkia kila mlango kwa kufuata mstari, na wageni chini ya turubai wakawa wanaandika alama zao kumi. Mzee akamweleza kwamba kijiji kimeingiliwa asubuhi. Sajenti akauliza nani aliwaona wale watu kwanza. Dada wa Tanga akajitokeza na mwiko mkononi, kwa sababu kadi ilimwagiza awe na mwiko.

Hapo ndipo sajenti alipokosea. Hakuwatenga. Alimwita na mwenye mbuzi, wakasimama wote kisimani, yeye katikati, mkalimani pembeni, mimi nyuma yao hatua tano na ubao wangu wa kumbukumbu.

"Waulize walipomaliza kula walifanya nini," sajenti alisema.

Kijana wa Kikenya akauliza. Dada wa Tanga akaanza kulia, kama anavyoweza.

"Walitaka mali," alisema. "Mimi sina mali. Nikawaonyesha kwa mwenzangu huyu. Niliwaonyesha kwa mkono huu huu, wenye mwiko. Nikasema, kule kuna mbuzi."

Akanyoosha mkono.

Nilikuwa namwangalia Mama kutoka ubavuni. Hakushtuka. Alitazama ule mwiko, akautazama mkono hadi begani, kama mtu anayetafuta mshono ulipoanzia. Kisha akageuka na kunitafuta kwa macho. Aliponipata hakukaa sana. Akamrudia dada wa Tanga.

"Mama," mkalimani alimwambia, "huyu anasema ni yeye alionyesha kwako. Sajenti anauliza unasema nini."

Mama alimsogelea dada wa Tanga, akamshika kiwiko.

"Batoto bako," alimuuliza. "Balipita?"

Kulia kwa dada wa Tanga kuliisha mara moja. Kadi yake haikuwa na watoto.

"Watoto gani?" alisema kwa sauti ndogo, sauti yake mwenyewe.

Mama akatikisa kichwa polepole. Jogoo wa kwenye nguzo akawika. Sajenti akamuuliza mkalimani wanasema nini, na mkalimani, ambaye kawaida hakosi neno, akasema hajui.

"Muandike hivi," Mama akamwambia sajenti, akimtazama usoni. "Mbuzi ni zangu. Mimi mwenyewe nilimuambia, wakikuja, uwape zangu. Hakuna mwenye kosa hapa. Muandike."

Sajenti akasubiri tafsiri, akaandika. Hakuwa na la kuuliza tena. Mtu aliyeibiwa anasema aliruhusu, na aliyekosa anasimama ameshikwa kiwiko. Akavua kofia, akawashukuru wote wawili, akawaaga kwa Kiswahili, akawarudisha watu wake kwenye magari. Zoezi lililopangiwa saa nzima lilikwisha kwa dakika kumi na nane.

Halafu mmoja wa wageni, mwanamke wa wizarani, akapiga makofi polepole, na wengine wakamfuata. Meneja alinijia akiwa mwekundu usoni.

"Ile ya mwisho nani aliandika?"

"Hakuna," nilisema.

"Iandike kabla hujasahau."

Tulipewa chakula saa saba. Mama alikuwa amekaa kwenye benchi upande wa kivuli wa kontena la kwanza, sahani mapajani, anakula wali kwa utaratibu. Nilikaa. Nilikuwa nimepanga maneno tangu kisimani na yote yalikuwa ya kujieleza. Aliniwahi.

"Siko nakasirika," alisema. "Niko nauliza tu. Ulibaambia lini?"

"Mwezi uliopita. Randburg."

"Balikulipa?"

"Kazi. Watanipa kazi ya kudumu."

Alitafuna, akameza.

"Ni kazi muzuri?"

"Ina bima."

"Basi ni kazi." Akaweka kijiko. "Na batoto? Sababu gani uliacha batoto?"

"Nilifikiri nikiwaacha, hutajulikana. Nilitaka kukuficha, Mama."

"Ulinificha mubaya. Bila batoto, ule mwanamuke ni mwizi tu. Anauza jirani yake bure, juu ya njaa ya wengine. Mimi sikufanya ile." Alisema kwa sauti ile ile anayoitumia kuniambia sombe haijalainika. "Na kadi uliigeuza, hapana? Ile ya mupishi ilikuwa yangu."

"Ilikuwa yako."

"Sasa umenifanya nisimame fasi ya jirani yangu. Miaka yote niko nafikiri, siku nikimuona, ataniambia nini. Leo njo nimejijibu mwenyewe, mbele ya wazungu, kwa kinywa yangu." Akaiweka sahani benchini. "Lakini yeye hajasema. Ni mimi nimesema. Unasikia? Usiandike kama yeye amesamehe."

Nilisema nimesikia. Nikamwomba radhi, na aliipokea kama mtu anayepokea chenji bila kuhesabu. Dada wa Tanga akaja kutuuliza ni watoto gani wale, maana amefedheheka mbele ya wageni. Mama akamjibu kwamba siku nyingine mutu akipika, lazima kuna batoto fasi fulani. Dada wa Tanga akasema kweli, wakacheka, na mimi nikacheka kwa kuchelewa.

Mteja alisaini. Wiki iliyofuata na mimi nikasaini, Randburg, mezani kwa meneja. Ningependa kuandika kwamba niliikataa kazi ile, lakini nipo nayo mpaka sasa. Kabla sijaondoka nilimwomba meneja aliondoe zoezi lile kwenye orodha. Akanionyesha kwa upole kifungu cha mkataba wangu: chochote ambacho mratibu atakileta ni mali ya kampuni. Zoezi lilikuwa limeshapewa namba. Serikali nyingine mbili zilikuwa zimeliulizia.

"Basi turekebishe kadi," nilisema. "Kuna watoto watatu."

Akasema mteja ameshaidhinisha, na mabadiliko yanahitaji fomu. Nikajaza fomu. Kwenye nafasi ya sababu niliandika kwamba bila watoto, zoezi linawafundisha askari uongo. Ilichukua wiki tisa. Jibu likaja kwa barua pepe: mabadiliko yamekubaliwa, watoto watatu, hawaonekani. Na kwenye kadi ya jirani niliufuta mstari wa kumtuhumu. Huo sikuuombea ruhusa.

Mama anaendelea kuja. Amekataa kabisa kukaa kwenye zoezi lile, siku zake tunamweka kwenye kugawa chakula, ambako ameshamrudisha kanali mmoja nyuma ya foleni. Ninapoandika haya amesharuhusu. Nilimsomea yote hadi hapa jikoni kwake, akanisahihisha mbuzi kuwa wanane, akasema ilishatoka nje, heri itembee ikiwa imevaa nguo zake. Lakini siku ile nilipokwenda kuomba ruhusa ndipo aliponitajia deni.

"Yangu iko kwako," alisema. "Na kwa kampuni. Na kwa sajenti. Yako iko wapi?"

"Yangu ipi, Mama?"

"Yenye hata badogo bako habaijue. Kila mutu ako nayo. Nilikupatia yangu bure, ukaiuza. Sitaki makuta, sitaki pesa. Unipatie yako, ikae kwangu."

Nilijua mara moja ni ipi. Ni ya siku mama yangu alipofariki, mahali nilipokuwa saa aliponiita na sababu iliyonifanya nisiende. Wadogo zangu wanajua kwamba nilikuwa pembeni ya kitanda. Ni mimi niliyewaambia hivyo, na wamekua nayo. Sijawahi kuisema kwa mtu, kwa lugha yoyote kati ya nne ninazozijua.

Nimekwenda kwake Jumamosi tatu tangu hapo nikiwa nimeazimia. Mara ya kwanza tuliongea habari ya paa linalovuja. Mara ya pili binti yake alikaa nasi. Mara ya tatu tulikuwa wawili tu, tumemaliza kutwanga, na Mama akaacha kuongea makusudi ili nipate nafasi. Nilianza na hali ya hewa ya siku ile, nikaeleza vizuri sana mawingu yalivyokuwa, halafu nikamuuliza kama nimkatie kitunguu. Akanipa kisu.

Siwezi kuiandika hapa kabla sijampa yeye, maana nitakuwa nimetoa kwa watu kitu ambacho kina mwenyewe anayekisubiri. Jumamosi hii nakwenda tena. Hajanikumbusha hata siku moja.